Siku Mbili Mnara Ulipozimwa

Tuliokuwepo chini ya mnara siku ile ya Alhamisi tulikuwa watano, na fundi wa sita. Nilikuwepo mimi, mwenye simu na mwenye mtoto. Alikuwepo shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Tangu kaka yake alipofariki yeye ndiye aliyekuwa msemaji wa nyumba yetu, jambo likitokea watu wote wanamtazama yeye. Alikuwepo mke wake, ambaye mimi na yeye tunaitana dada kwa sababu tuliolewa mji mmoja na tukalima shamba moja. Alikuwepo jirani yangu, mama wa Kilimanjaro, mfanyabiashara wa mahindi, aliyefika Karatu akiwa msichana na akakaa mpaka akajua Kiiraqw cha kugombana sokoni. Na alikuwepo dereva wake, maana Landrova ilikuwa ya jirani, na yule dereva hakuwa mtu wa kuliacha gari peke yake. Fundi alikuwa juu, sisi tunaona soli za viatu vyake tu.

Majina yao yote ninayo, na majina ya baba zao, na la mbwa wa jirani pia ninalo. Sitayaandika. Shemeji ameshatangulia, na wengine wana wajukuu wanaojua kusoma. Sitaki mtoto wa watu akute jina la bibi yake kwenye jambo hili halafu aje kuniuliza mlangoni.

Mimi shule niliishia darasa la pili. Kusoma hasa nilijulia ngumbaru, ule wakati wa elimu ya watu wazima, tunakaa kwenye madawati ya watoto na wengine tumebeba watoto mgongoni. Kwa hiyo nasoma polepole, herufi kwa herufi, na ninachosoma ni kile kilichoandikwa. Nalitaja hili kwa sababu linahusika.

Miaka ile netiweki ilikuwa imeshafika Karatu, lakini ilifika kama mvua za vuli, inanyesha shamba la huyu inaruka la yule. Kwangu ilipatikana dirishani tu. Nilipiga msumari kwenye mbao za dirisha, nikaning'iniza kopo la maziwa ya unga, simu ikakaa humo kutwa. Ukiitoa, inapotea. Mtu akinipigia nasimama shavu limegusa chuma cha dirisha, naongea na kopo. Jirani akipita na magunia yake alikuwa ananisalimia hivi: "Mama, shikamoo. Na kopo nalo halijambo?"

Jioni ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Magari ya watalii yameshapanda kutoka kreta ya Ngorongoro, madereva wote wanapiga simu kwa pamoja, na meseji uliyotumiwa asubuhi inaingia kesho yake ukiwa unachuma maharage. Tukaambiwa mitambo itabadilishwa. Italetwa mikubwa, yenye kasi, na mawasiliano yatafika mpaka huko juu Ngorongoro na kushuka upande wa pili. Tuliambiwa kabla ya mvua, halafu tukaambiwa baada ya mavuno. Vijana wa hotelini walikuwa wanasema utaweza kutuma hata picha kwa simu. Mimi picha sikuzihitaji. Nilikuwa nangoja sauti ya mtoto wangu wa mwisho.

Huyu binti yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Samunge, kule milima ya Loliondo, na ameolewa na mwalimu mwenzake. Kule netiweki hakuna kabisa. Kuna kilima, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, ukifika juu unapata kidogo, na lazima usimame umeelekea upande mmoja. Kila Jumapili baada ya ibada alikuwa anapanda, ananipigia. Mwaka ule alikuwa mjamzito. Mimba ya kwanza ilikuwa imeharibika miezi sita, kwa hiyo hii ya pili hatukuitaja kwa jina. Aliniambia, "Mama, mzigo unaendelea vizuri," namjibu, "Ubebe taratibu, usikimbie." Mzigo ulipofika mwezi wa nane hakuweza tena kilima. Akawa anapanda mume wake peke yake, ananiambia, "Mwalimu anakusalimu," na mimi namrudishia salamu, lakini salamu za kubebewa si sauti. Wiki zile kila asubuhi nilikuwa nauliza sokoni: mafundi wameshafika?

Walifika Jumatatu, na gari kubwa lenye masanduku. Jumanne saa nne na kitu asubuhi nilikuwa nje napepeta, nikasikia kopo linalia. Nikaenda dirishani nimejifuta mikono. Meseji ilikuwa ya mkwe wangu. Niliisoma nikiwa nimeinua shingo, bila kuitoa simu kwenye kopo:

"Mama shikamoo. Mwalimu anaumwa kidogo. Njooni."

Niliisoma mara tatu. Nikabonyeza nimpigie, kukaingia kimya. Si yule dada anayesema namba unayopiga haipatikani, la, kimya kitupu. Nikatazama pale juu penye vile vijiti vya netiweki, hakuna hata kimoja. Mafundi walikuwa wameshazima mnara.

Sasa yule ambaye si wa huku nimweleze. Kwetu mtu hafi kwenye simu. Zamani hakufa kwenye barua wala kwa mtu aliyetumwa na baiskeli. Anaumwa. Ukishafika nyumbani, ukakalishwa, ukanyweshwa maji, ndipo unaambiwa. Mume wangu alipofariki hospitali Arusha nililetewa habari kwamba mzee amezidiwa kidogo, niende. Nilikwenda na supu kwenye chupa ya chai. Nilifika nayo ikiwa ya moto, na hakukuwa na wa kuinywa. Tangu hapo na mimi nilijua, kama kila mtu anavyojua, kwamba mtu akikuita kwa wingi, njooni, na ugonjwa ukawa mdogo, basi si mdogo.

Nilimwita dada, mke wa shemeji. Akaisoma. Alinishika kiwiko, akanitoa dirishani, akaniketisha kwenye kigoda, kisha akaenda kumwita mume wake shambani. Nikawaona wanarudi, shemeji amebeba jembe begani na amevua kofia.

Akaisoma na yeye. "Shemeji," akaniambia, "tutulie kwanza."

"Tutulie kwa nini? Ameandika anaumwa."

"Ndiyo, anaumwa. Tutulie."

Kabla ya saa sita watu walianza kuingia. Kanga zimefungwa kiunoni, wamebeba kuni, wengine sufuria. Mmoja mmoja ananipa mkono, "Pole, mama." Nauliza, "Pole ya nini?" Anajibu, "Pole ya mgonjwa." Nawatazama macho, macho yako chini. Ningembishia nani? Hakuna hata mmoja aliyesema mtoto wangu amekufa. Wangesema, ningekataa, tungegombana, ningepata nguvu. Walikuwa wanapika makande.

Shemeji alituma mtu kwenda Mbulu kuwaita wazee wa ukoo, kwa sababu safari ya kumleta mgonjwa, hivyo ndivyo alivyosema, haiendwi bila wazee. Wangefika Alhamisi. Nikamwambia kama anaumwa twende leo.

"Twende na gari gani? Landrova ya jirani iko Piyaya, huko kwa Wamaasai njia ya Loliondo, mpaka kesho."

"Tukodi nyingine."

"Shemeji, mgonjwa huyu hana haraka."

Alijuta alipokwisha kulisema. Nilimwona. Alichukua kikombe cha chai ambacho si chake akanywa.

Nikaitoa simu kwenye kopo, nikaifunga kwenye ncha ya kitenge, nikaenda mnarani. Ni mwendo wa kupanda, kama nusu saa kwa miguu yangu ya wakati ule. Nilimkuta fundi ameshuka anakula mkate na soda. Kijana mpole, anaongea Kiswahili cha mjini. Nikamuuliza unawasha lini.

"Keshokutwa, mama, Mungu akipenda. Mitambo ya zamani tumeshaifungua. Mnaongea watu wengi kwenye njia nyembamba, sasa tunawawekea barabara pana. Mtafurahi wenyewe."

"Huwezi kuwasha hata kidogo, nitume neno moja?"

Akacheka, si kwa dharau. "Mama, huu haupo nusu. Ukiwaka umewaka."

Nikamwonyesha ile meseji. Nilitaka asome mtu ambaye hatujui, hajui kilio chetu wala kuni zilizoletwa, aniambie maana yake ni ile iliyoandikwa. Akaisoma. Akaweka soda chini, akajifuta mkono kwenye suruali, akanipa ule mkono.

"Pole sana, mama."

Basi. Na yeye.

Jumatano nilikwenda tena asubuhi, na jioni tena. Fundi hakula mbele yangu siku hiyo. Alikuwa juu, na aliponiona alishuka hatua kadhaa akaniambia kwa sauti, "Bado, mama, tunajitahidi," akapanda tena. Nyumbani turubai lilikuwa limeshafungwa kati ya nyumba na zizi. Watu walikuwa wanaongea taratibu mambo ya bei ya vitunguu, na nikiingia wananyamaza. Mzee wa kanisa aliniuliza kama binti alibatizwa hapa au kule Mbulu. Nilimjibu alibatizwa hapa. Nikamuuliza kwa nini anataka kujua. Akasema ni kwa ajili ya maombi.

Nilikuwa nahesabu kichwani. Kama ni kweli anaumwa, ameumwa Jumanne, ameumwa Jumatano. Ameshika mlango anatazama barabara. Kama si kweli, hakuna haraka, kama alivyosema shemeji. Mwili wangu haukujua ushike lipi. Nikikaa naona nimemtupa. Nikisimama watu wananikalisha.

Jirani alirudi Piyaya Jumatano hiyo jioni. Alikuwa amepeleka mahindi, akarudi na mbuzi wanne nyuma ya gari. Akaona turubai akashuka kabla gari halijasimama sawasawa. Alipoelezwa alinifuata jikoni.

"Nani amesema amekufa?"

Alikuwa mtu wa kwanza kulitamka. Nilishtuka kama nimemwagiwa maji.

"Hakuna aliyesema."

"Basi mnangoja nini?"

"Wazee wa Mbulu."

Akatoka nje. Shemeji alikuwa na vijana wawili wanapanga sepeto na majembe kando ya turubai, pamoja na blanketi jipya na kamba. Jirani akasimama pale, mikono kiunoni.

"Shemeji, hayo majembe unampelekea mgonjwa akalimie?"

"Mama, usiingilie mambo ya ukoo wetu."

"Sijaingilia. Nauliza tu, maana gari ni langu. Nikipakia niseme kwenye geti la Ngorongoro nimebeba nini? Mgonjwa wa kidogo na sepeto tatu?"

Watu wengine waliinamisha vichwa kuficha kucheka, na hapo nikajua kwamba hata wao hawakuwa na uhakika. Shemeji alikasirika. Alimwambia kwamba watu wa Kilimanjaro wanakimbilia biashara hata penye msiba. Neno hilo, msiba, lilikuwa limetoka. Jirani akasema, "Haya, umelisema mwenyewe, si mimi," akaenda kushusha mbuzi wake. Aliniambia kwamba gari liko tayari saa yoyote nitakayotaka, lakini mimi ndiye nitamke, yeye hawezi kunichukua kwa nguvu mbele ya shemeji yangu.

Na mimi sikutamka. Hilo nalisema wazi. Jumatano jioni ningeweza kusema tuondoke alfajiri, sikusema. Niliona nikienda bila wazee halafu ikawa ni ile habari, nitakuwa nimekwenda kumzika mwanangu kama mtu asiye na kwao. Nikasema tungoje mnara.

Alhamisi asubuhi nilipanda tena. Safari hii sikwenda peke yangu. Dada alikuja kwa sababu aliogopa nitaanguka njiani. Shemeji akamfuata mke wake, nadhani ili nisiongee na jirani nikiwa peke yangu. Jirani na dereva wakaja na gari mpaka chini ya mnara, dereva akasema anapasha injini. Tukakaa pale kwenye nyasi kama watu wanaongoja mgawo wa chakula. Simu nilikuwa nimeishika kwa mikono miwili. Shemeji alisema, "Ikilia nipe mimi."

Saa saba mchana fundi alipiga kelele kutoka juu. Sikuelewa alichosema. Nilitazama simu, vile vijiti vikapanda vyote kwa mara moja, mpaka juu, jambo ambalo sikuwahi kuliona hata dirishani. Nikangoja. Hakuna kitu. Dada akaanza kusali kwa Kiiraqw. Halafu simu ikatetemeka mkononi mwangu. Ikatetemeka tena, na tena, na tena. Meseji nne.

Shemeji akanyoosha mkono. "Lete nisome upesi."

"Nasoma mwenyewe."

"Wewe utachukua mpaka jioni."

"Basi itakuwa jioni."

Nikaifungua ya juu. Nikasoma kwa sauti, kama tulivyokuwa tunasoma ngumbaru, silabi kwa silabi, na wote wanne wamenizunguka wanapumua juu ya kichwa changu:

"Chu-pa mo-ja i-me-pa-ti-ka-na. Ba-do mbi-li. Ma-ma njo-o-ni."

Hatukuelewa. Chupa gani? Nikafungua inayofuata. "Mama mbona kimya. Nimekuja kilimani mara ya tatu." Inayofuata: "Amejifungua wa kike, mtoto mzima. Mwalimu amepoteza damu nyingi. Njooni na watu wa kutoa damu." Na ya nne: "Tafadhali jibu mama. Tuko hospitali."

Dereva, ambaye alikuwa mzoefu wa simu kuliko sisi, alinionyesha kwa kidole kwamba iliyoingia juu ndiyo ya mwisho kutumwa, na saa yake ilikuwa Jumatano saa kumi na moja jioni. Kwa hiyo jana jioni, nilipokuwa jikoni naulizwa nani amesema amekufa, mwanangu alikuwa mzima, na alikuwa anangoja damu, na ndugu wenye damu walikuwa chini ya turubai wanaongea bei ya vitunguu.

Nilimpigia mkwe wangu. Safari hii yule dada wa namba unayopiga haipatikani akaongea vizuri, sauti safi kama yuko pembeni yangu. Nilimpigia tena. Haipatikani. Netiweki ilikuwa na kasi sasa, lakini kilima kule kilikuwa ni kilekile, na aliyekuwa anapanda alikuwa ameshashuka.

Shemeji alikaa chini palepale kwenye vumbi. Mtu mkubwa, mzito, amekaa kama mtoto. Akasema, "Jumanne. Tangu Jumanne."

Jirani akamwambia, "Simama, shemeji. Geti linafungwa saa kumi na mbili. Utalia garini."

Tulipita nyumbani dakika chache tu. Sikuwaaga watu wa turubai. Dada alibaki kuwaambia, na nilisikia baadaye kwamba wengine walikataa kuamini, walisema tumeambiwa hivyo ili tusianguke njiani. Garini tulikuwa mimi, jirani, dereva, shemeji na vijana wake wawili waliokuwa wakipanga sepeto. Getini walituruhusu kwa sababu dereva walikuwa wanamjua. Tukapanda msituni, tukapita juu ya kreta kwenye ukungu, mimi sikutazama bonde hata mara moja, nikawa natazama simu. Vijiti vilikuwepo mpaka juu kabisa kama tulivyoahidiwa. Tulipoanza kushuka upande wa pili vikaanza kupungua, kimoja, kimoja, na tulipofika tambarare vikaisha vyote.

Piyaya tulilala kwa Wamaasai wanaonunua mahindi ya jirani. Mama mmoja wa pale, aliyeelezwa safari yetu na dereva, aliniletea maziwa kwenye kibuyu. "Kunywa, yeyo," aliniambia, yaani mama kwa Kimaasai. "Mwenye kuitiwa damu hajafa. Aliyekufa haombi." Nilikunywa. Sikulala lakini nilikunywa.

Ijumaa kabla ya saa tano tulikuwa hospitali, ile moja tu ya upande wa Samunge. Mkwe wangu alikuwa amekaa kwenye ngazi, shati limechafuka, ndevu zimeota. Alituona akasimama, na mimi nilitazama uso wake kabla sijashuka, nikitafuta jibu mle. Sikuliona. Alikuwa amechoka tu.

"Yuko wapi?" nikamuuliza.

"Yuko ndani."

"Yuko ndani vipi?"

Akashangaa. "Yuko ndani, mama. Amelala. Anakunywa uji."

Chupa ya kwanza alitoa mlinzi wa shule yao. Ya pili alitoa mama mmoja wa Samunge, mwanawe yuko darasa la binti yangu. Alikuja asubuhi ileile ya Ijumaa na jembe mkononi, akatoa, akaenda zake shambani. Watu hawa wawili si ndugu zetu, si kabila letu. Ya tatu ilikuwa haijapatikana. Walipima vijana wa shemeji, hawakufaa. Wakampima shemeji, akafaa. Alilala kwenye kile kitanda cheusi, amegeuzia uso ukutani asione sindano, na jirani akasimama mlangoni.

"Pole, shemeji."

"Pole ya nini?"

"Pole ya mgonjwa."

Shemeji alicheka mpaka nesi akamwambia atulie.

Binti yangu alikuwa mweupe midomo. Alinitazama muda mrefu, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, mlichelewa wapi?" Nikamwambia netiweki ilizimwa. Ni kweli, ilizimwa. Akasema, "Lakini meseji ya kwanza iliingia. Ilionyesha imefika." Nikambeba mtoto, nikajifanya namtazama vidole.

Mkwe wangu nilimuuliza nje, tukiwa wawili, kwa nini aliandika anaumwa kidogo. Alikuwa karibu kulia. "Mama, alikuwa anaumwa sana. Niliona nikiandika sana, utashtuka. Umeshakuwa mtu mzima." Alikuwa ametaka kunipunguzia. Kila mtu wiki ile alikuwa ananipunguzia.

Tuliporudi Karatu wazee wa Mbulu walikuwa wamefika na bado wapo, na walimtaka shemeji atoe kondoo, kwa sababu aliliacha turubai lifungwe kwa ajili ya mtu aliye hai. Alitoa bila ubishi. Tena yeye mwenyewe ndiye aliyesimama mbele ya watu akasema kwamba kuanzia siku ile, kwenye ukoo wetu, atakayetuma habari za ugonjwa aanze na neno yu hai, ndipo aseme mengine. Na tunafanya hivyo mpaka leo. Wajukuu wanacheka. Mmoja ana mafua Arusha ananiandikia: "Bibi, yu hai, ana mafua." Wacheke. Ila bado hatujapata cha kuandika kwa yule ambaye si hai. Huyo anaendelea kuumwa kidogo.

Mnara wa Karatu uliongezwa nguvu tena na tena miaka iliyofuata, na kopo nililitoa dirishani. Samunge ilichukua muda mrefu zaidi. Binti yangu alizaa mara mbili nyingine huko kabla ya netiweki kufika, na mara zote mbili nilikwenda kukaa naye tangu mwezi wa saba, sikungoja kuitwa.

Nimeandika kama ninavyokumbuka. Lakini dada, mke wa shemeji, ambaye tumebaki naye, nilimsomea haya na kuna mahali alininyamazisha. Anasema siyo kweli kwamba nilikataa tangu mwanzo. Anasema Jumanne ile, kabla hajamwita mumewe, nilikuwa nimeshaingia ndani nikafungua sanduku, nikatoa shuka jeupe ambalo halijatumika, nikalikunja upya na kuliweka kitandani, na kwamba yeye alipoliona ndipo alipoamini kwamba ni msiba. Mimi silikumbuki shuka. Namkumbuka kila aliyeingia mlangoni siku ile na alichobeba, shuka silikumbuki. Kama yupo mwingine aliyekuwemo ndani ya nyumba yangu Jumanne ile asubuhi, naomba aniambie ni nani mwenye kusema kweli, mimi au dada. Nitaandika upya hapo mwanzo, hata kama itanichukua mpaka jioni.